Kwa vijana mlioniletea skripti ya mapenzi ya mgeni

Wanangu,

Jumapili ile mlipokuja wote saba mkakaa barazani kwangu hapa Rau, niliwapa chai na maandazi nikawaambia nisome kwanza. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, mazoea ya miaka niliyofundisha kabla sijaanza kupangisha vyumba. Nawajibu hadharani kwa sababu wiki iliyofuata kundi jingine la Sakina, Arusha, lilinipigia simu na hadithi ileile: msichana wa Ulaya anakuja kujitolea, anampenda kijana anayeongoza watalii, mlima unaonekana, anaondoka, machozi. Sina nguvu ya kuandika mara mbili.

Mimi ni Mchagga, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na hesabu. Mna milioni tatu na kamera ya kuazima. Kwenye skripti mna kilele cha Uhuru, mna uwanja wa ndege, mna harusi ya watu mia mbili, na droni inapita juu ya msitu. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa. Kushuti ndani yake ni kibali cha TANAPA, wasimamizi wa hifadhi, na ada yake, hapo bado hamjalipa wapagazi. Droni nayo ina vibali vyake. Futeni. Mlima mtaupata bure juu ya paa langu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne mara nyingi umeshajifunika. Na kwa kuagana, nendeni njia panda ya KIA, pale malori ya barabara kuu yanapopita. Mtu akishuka na begi kubwa, mwenzake akabaki upande wa pili wa lami, ndege ya nini?

Harusi ya watu mia mbili mtawalisha nini? Acheni.

Kibali cha Bodi ya Filamu hakina mjadala. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, imewazidi umri wote, na inataka ruhusa kabla ya kushuti. Yule aliyesema "tutaomba baadaye, bibi" nilimsikia, nilinyamaza tu kwa ajili ya wageni. Halafu huyo dada anayejitolea kwenye kituo cha watoto, mnayetaka awe nyota wenu kwa malipo: kibali chake ni cha kujitolea. Kuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Waulizeni watu wa kazi na Uhamiaji kwanza, tena kwa maandishi, msije mkamfukuzisha nchini mtoto wa watu kwa ajili ya filamu yenu.

Lakini kwani mgeni lazima awe mweupe? Hili nawaambia hasa wa Arusha. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikaa mjini kwenu, pale kwenye jengo la mikutano la AICC, mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Walikuja watu wa Senegal, Gambia, Cameroon, wakapanga nyumba, wakajifunza kununua ndizi kwa Kiswahili. Wakapendana na watu. Fikirieni mkalimani wa Kifaransa ambaye mchana kutwa anapitisha mdomoni maneno ya mauaji, jioni anarudi Njiro kwa mwanamke asiyeweza kumwambia alichosikia. Halafu kazi inakwisha, mkataba unakwisha, na yeye anarudi kwao. Hadithi hiyo inataka chumba kimoja, meza moja na waigizaji wawili wanaojua kunyamaza. Mnayo mlangoni mnaiacha, mnakimbilia kilele cha Uhuru.

Nyie wa Moshi mkishikilia msichana wenu wa Ulaya, sawa. Ila skripti haina saa, na saa ipo kwenye pasipoti yake. Viza ya kawaida ya mtalii ni siku 90. Wapangaji wangu nimewaona: mpaka siku ya sitini wanacheka, baada ya hapo wanahesabu. Sasa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Toeni wenyewe: siku ya 69. Kwa utaratibu wa kawaida, wakitaka kufunga ndoa kabla viza haijaisha, siku hiyo ndiyo mwisho wa kuamua, na kijana wenu wa kuongoza watalii yuko wapi siku ya 69? Yuko mlimani na wateja, mtandao hakuna. Hiyo mngeiandika msingehitaji yule mpenzi wa zamani anayetokea na kisu ukurasa wa arobaini. Nani alileta kisu, jamani?

Au geuzeni: msichana awe wetu, mgeni awe mwanamume. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mume mgeni wa binti yetu haipati njia hiyo. Mama mkwe anaijua sheria hiyo bila kuisoma. Anasema tu, "Huyu atakupeleka kwao."

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mwaka 1962 ilitoka Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika, Momella ikiwemo. Wageni wanapendana wao kwa wao chini ya Meru, watu wetu wanapita nyuma. Miaka zaidi ya sitini baadaye mmeandika ninyi wenyewe, watoto wa Majengo na Kiborloni, na bado kijana wetu anapita nyuma. Msichana ana baba mgonjwa, ana ndoto, ana shajara. Kijana ana tabasamu. Hana hata mama! Na skripti inakwisha ndege ikiruka, kana kwamba akiondoka mgeni Moshi inazimwa taa.

Anzeni pale anapoondoka. Nimefua mashuka ya vyumba hivyo miaka ishirini na mbili, najua kinachobaki: viatu vya mlimani vilivyoachwa kwa mtu ambaye si saizi yake, na kijana anayekuja kuuliza kama kuna barua huku anajua wazi kwamba siku hizi hakuna barua. Anakaa barazani usiku akingoja ujumbe wa sauti, kwa sababu kwao msichana ndiyo kwanza jioni, bando linakwisha katikati ya sentensi. Wenzake kijiweni wanamwuliza ametumiwa kiasi gani. Hilo la pesa msilikwepe na msilifanye kichekesho: alimpenda, na aliomba ada ya mdogo wake, yote mawili kwa mdomo mmoja. Mgeni mnabaki naye sauti tu kwenye simu, na bajeti yenu inapumua.

Kwenye picha pia kuna kijana anayepotea. Niliwahi kuazimisha sebule hii kwa kampuni moja ya kutoka nje. Walinivunjia mlango wa kabati la marehemu mume wangu wakaondoka bila hata samahani, lakini siyo hilo. Nilipoonyeshwa filamu, msichana wao anang'aa dirishani na yule kijana wetu pembeni yake ni meno na kivuli. Walipima mwanga kwenye uso mweupe. Ninyi pimeni kwenye uso wa kijana kwanza. Yeye akae karibu na dirisha, mgeni arudi hatua mbili ndani, na shuka jeupe lishikwe upande wa pili limrudishie mwanga. Shuka ninalo. Saa sita mchana msishuti nje. Jua la utosini linachimba macho ya kila mtu.

Sauti ndiyo itakayowaumbua kuliko picha. Paa ni bati, mvua ikianza mnafunga kazi. Jirani anachomelea mageti. Mlipeni nusu siku, ni rahisi kuliko kugombana naye. Kila chumba rekodini dakika moja ya ukimya wake, mtaihitaji wakati wa kuediti. Nyimbo za watu msiguse bila ridhaa yao, COSOTA wa hakimiliki wapo.

Mama wa kijana aongee Kichagga na msiandike tafsiri chini. Lile jani la sale mliloweka mkononi mwa msichana kama pambo, liondoeni. Kwetu sale ni ya kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Kama mnaitaka, amueni nani kamkosea nani.

Njooni mwishoni mwa Januari, masika hayajafika. Vyumba viwili vya nyuma nitaviacha wazi siku tisa, umeme mtalipa wenyewe, makande nitapika mimi. Mleteni atakayeigiza kijana aje mapema, nataka kumwona. Kabati lile sasa lina kufuli.

Bibi yenu,
Rau, Moshi