Saa za bomba kukauka zihesabiwe kabla mvua hazijaanza Kigoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie madiwani na wataalamu wa Manispaa ya Kigoma Ujiji ombi moja kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Naomba zihesabiwe, kata kwa kata, saa ambazo maji yanatoka bombani na saa ambazo hayatoki, na hesabu hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mtaa kama yanavyobandikwa mapato na matumizi. Tumezoea kutangaziwa urefu wa mabomba yaliyolazwa na idadi ya kaya zilizounganishwa. Hizo ni habari njema na sizibezi, lakini haziwezi kutuambia kama mama wa Buzebazeba au Rusimbi alipata maji Jumanne iliyopita, na kwa upande wa kipindupindu hiyo Jumanne ndiyo yenye uzito.

Ushahidi uko karibu nasi. Kaskazini mwa ziwa letu, upande wa Kongo, upo mji wa Uvira, ambao wafanyabiashara wengi wa Kigoma wanaufahamu vizuri. Mji huo ulipitia vita vya 1996, ukaingia katika vile vya 1998 hadi 2003, na hata baada ya hapo haukupata utulivu wa kudumu; watu walizidi kukimbilia mjini kutoka milimani na bonde la Ruzizi, huku huduma ya maji ikiwa ileile ya zamani na mtambo ukisimama mara kwa mara. Watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa huko kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu kati ya 2009 na 2014, wakazilinganisha na kiasi cha maji kilichosukumwa mjini siku kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Siku moja nzima bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ambayo mtambo ulifanya kazi ipasavyo, ilifuatiwa na ongezeko la wagonjwa la wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote wa kipindi hicho walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba, na mitaa iliyozoea kutumia bomba kwa wingi ndiyo iliyoumia zaidi.

Hilo la mwisho linastahili kutafakariwa na kila anayepanga maendeleo ya mji wetu. Kaya iliyozoea bomba haina tena mapipa ya akiba, haina desturi ya kuchemsha, na bomba likikauka ghafla hukimbilia maji yoyote yaliyo karibu, ambayo kwa Kigoma ni ziwa au kijito kinachoshuka kutoka kwenye makazi ya juu. Kwa hiyo kadiri tunavyoongeza wateja bila kuongeza uhakika wa maji, ndivyo tunavyoongeza idadi ya watu watakaoshtukizwa.

Lipo pia jambo la kiufundi ambalo wananchi wengi hawajaelezwa. Bomba lenye msukumo, hata likiwa na tundu, humwaga maji nje. Msukumo ukiisha, tundu lilelile hunyonya ndani kilicho jirani nalo, na mabomba mengi ya majumbani mwetu yamepitishwa ndani ya mifereji au kando ya mashimo ya vyoo. Maji yanaporudi baada ya siku mbili huwa ya rangi ya chai, na kwa kuwa watu wamesubiri kwa kiu, hayo ya mwanzo ndiyo yanayokingwa kwa haraka kuliko yote. Ndiyo maana naomba pia kwamba kila huduma inaporejea, mtaalamu apime klorini kwenye bomba la mwisho la mtaa, mbali na tangi. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochotea. Kipimo chake ni cha dakika chache, na matokeo yanaweza kuandikwa kwenye ubao uleule.

Mwaka 2015 sisi wenyewe tulipata somo ambalo naona tumelisahau mapema. Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa walirundikana kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa, wakisubiri meli ya Liemba iwalete Kigoma na kupumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kabla Mei haijaisha wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamefika takriban 3,000, na zaidi ya watu 30 walikuwa wamefariki, wengi wao wakimbizi. Matangi ya maji yaliwekwa, vyoo vya muda vikachimbwa, klorini ikagawiwa, na ugonjwa ukadhibitiwa kwa juhudi ambazo wauguzi na maafisa afya wetu wanastahili kushukuriwa hadi leo. Wapo waliodhani kwamba wageni ndio walioleta balaa, lakini Agosti ya mwaka huohuo kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, mbali kabisa na Kagunga, kikasambaa katika mikoa mingi. Kilichowaua watu wa Kagunga ni umati usio na maji salama wala vyoo, na hali hiyo inaweza kumpata raia sawasawa na mkimbizi.

Kinachonisikitisha ni kwamba viwango tulivyovitambua wakati wa dharura hatuvitumii wakati wa amani. Miongozo ya kimataifa ya misaada inataka mtu aliye katika maafa apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Inataka choo kimoja kisizidi watu 20, na sokoni kiwepo choo kimoja kwa kila vibanda 20 pindi hali inapotulia. Naomba diwani yeyote atembelee masoko na mialo ya kata yake, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ahesabu vibanda, kisha ahesabu matundu ya vyoo yanayofanya kazi.

Nimemtazama kwa muda mama lishe mmoja katika mwalo mmoja wa mji wetu. Ana ndoo mbili, moja ya kuoshea sahani na nyingine ya kusuuzia. Saa moja asubuhi maji ya kusuuzia ni meupe. Ikifika saa tano yametanda mafuta ya migebuka na punje za wali, na bado sahani inachovywa humo kabla ya kupewa mteja mwingine. Si mchafu. Meza yake inang'aa na kanga yake imefuliwa. Ila bomba la pale halijatoa maji, dumu la kununua linakula faida yake, na yale ya ziwani anayochota yako hatua chache kutoka mahali wavuvi wanapojisaidia. Wavuvi nao wana sababu yao: mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, wakati choo cha mwalo kina kufuli, na mwenye ufunguo anafika saa tatu. Afisa afya akija na kumtoza faini mama huyu, atakuwa ametimiza sheria bila kupunguza hata tone la maji machafu.

Sitaki nieleweke kwamba wananchi hatuna wajibu. Desturi ya kutapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kitiririke na maji, mvua kubwa inaponyesha ni uovu dhidi ya jirani wa bondeni, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 haina utata kuhusu jambo hilo. Lakini nyumba nyingi za Mwanga na Ujiji zimebanana kiasi kwamba gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia, na hata linapoweza, gharama ya safari moja ni mzigo kwa familia inayoishi kwa kuuza dagaa. Ziko mashine ndogo za kusukumwa kwa mkono zinazotumika katika vichochoro vya miji mingine. Vikundi vya vijana vinavyopewa mikopo ya halmashauri vikikopeshwa mashine hizo, na bei ikapangwa kwa pipa badala ya kwa safari, watapishaji watakosa kisingizio.

Wapo watakaojibu kwamba tiba ya kipindupindu inajulikana. Ni kweli: anayewahi kurudishiwa maji mwilini hupona, na vifo hushuka chini ya mgonjwa mmoja kwa mia. Asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache, na katika vijiji vya mwambao usafiri wa usiku ni mtumbwi, kama upo wenye mafuta.

Boti zinazotoka bandari ya Kibirizi hapa mjini kwenda Burundi na Kongo hubeba watu na bidhaa bila kungoja vikao. Nchi nne za ziwa hili zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003, hapa hapa Tanzania, na makao ya mamlaka yake yako Bujumbura. Waganga wakuu wa Kigoma, Uvira, Kalemie na Bujumbura wakiwa na desturi ya kupigiana simu siku ileile mgonjwa wa kwanza anapobainika, au mtambo wa maji wa mji mmoja unaposimama, sisi wa mwaloni tutajua mapema kwamba maji ya kunywa yachemshwe.

Kwa sasa naomba kikao kijacho cha baraza la madiwani kiamue mambo mawili yasiyohitaji mfadhili: ubao wa saa za maji uanze kujazwa katika kila mtaa, na funguo za vyoo vya mialo wakabidhiwe viongozi wa wavuvi, ili vifunguliwe kabla mitumbwi haijafika.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma Ujiji