Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafundi Cherehani wa Mwanza na Soko la Dunia

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Mambo ya ada na mfuko wa kufa na kuzikana yamo katika taarifa ya katibu, na mhazini atasoma hesabu baada yangu. Mimi naomba muda wenu nizungumzie jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima, yaani namna biashara ya dunia ilivyoingia katika vibanda vyetu vya ushonaji, ilichotuletea na ilichotuondolea.

Tuanze kwa kuipa haki yake. Cherehani nyingi tunazotumia, za kukanyaga na za umeme, zimetoka China, na bei yake isingeshuka, vijana wengi waliojiunga nasi wangekuwa bado wanashonea mashine ya kukodi. Satini, lesi, zipu, uzi na sehemu kubwa ya vitenge vinavyouzwa katika mtaa wetu wa Makoroboi hutoka Asia, na wingi wake ndio unaomwezesha mama wa kipato kidogo kushona gauni la sherehe bila kukopa. Mteja anakuja na simu yenye picha ya mshono uliovaliwa Lagos juzi tu, na fundi anayeweza kuutazama mshono huo akaukata hakosi kazi. Kwa hiyo sikubaliani na wanachama waliopendekeza tuiombe Serikali ifunge mipaka, kwa sababu wa kwanza kukosa malighafi tungekuwa sisi.

Hata hivyo, hasara yake ni kubwa, na kwetu wa Kanda ya Ziwa inauma zaidi kwa kuwa tunaishi katikati ya pamba. Pamba ya Magu, Kwimba na Bariadi huchambuliwa hukuhuku, ikafungwa marobota, na sehemu kubwa yake ikasafirishwa nje ikiwa ghafi. Kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona, ambako ndiko kwenye ajira nyingi, hufanywa na watu wengine, kisha pamba hiyo hurudi ikiwa shati. Wazee wetu wanakumbuka jora za kiwanda cha nguo cha Mwatex zilizofumwa mjini humu. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, viwanda vya nguo nchini vilikabiliana na bidhaa za bei ndogo vikiwa na mitambo iliyochakaa na umeme usiotabirika, na mgawo wa kimataifa wa biashara ya nguo, uliowekea nchi kikomo cha kuuza nje, ulipokoma tarehe 1 Januari 2005, viwanda vikubwa vya Asia vilipata uhuru wa kuuza karibu kiasi chochote vilichoweza kuzalisha.

Kuhusu mitumba, ambayo ndiyo iliyochukua oda zetu za mashati na suruali za kila siku, tujikumbushe yaliyotokea. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Wauza nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafasi ya kuuza huko bila ushuru chini ya sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya ilirudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Kwa maoni yangu, lengo lilikuwa sahihi, ila tuliazimia pamoja na tukajadiliana kila nchi peke yake, tena kabla ya kufufua viwanda vya kuziba pengo. Nchi inayokwenda hivyo kwenye meza ya mkubwa hurudi na alichoamua mkubwa.

Jambo linalonitia moyo ni sare za shule. Sare zinazoingia zikiwa zimeshonwa tayari ni rahisi kwa bei, lakini nyingi zina pindo la kidole kimoja na mshono wa pembeni uliokatwa hadi ukingoni. Sketi ya fundi wetu ina pindo la vidole vinne, na mtoto akirefuka inateremshwa akaivaa mwaka mwingine. Wazazi wanalijua hilo, na kamati ilipowaonyesha wakuu wa shule sketi za aina zote mbili zikiwa zimegeuzwa ndani nje, maongezi yalibadilika. Vilevile, wanachama walio karibu na soko la Mlango Mmoja wanapata riziki ya kupunguza makoti na kubana suruali za mitumba; kazi hiyo isidharauliwe, maana inalisha nyumba.

Kamati inapendekeza tununue kitambaa cha sare kwa pamoja, kwa jumla, kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa fundi mmoja mmoja hawezi kushindana na kontena. Pili, tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha kawaida cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa zinazotoka nje yake ni asilimia 35. Tuwasilishe maoni yetu kwa maandishi kwamba kitambaa kisichofumwa nchini kisitozwe sawa na nguo iliyokwisha kushonwa. Tatu, oda yoyote itakayopatikana kwa jina la chama ikaguliwe mshono na pindo kabla haijakabidhiwa, na itakayokataliwa ifumuliwe kwa gharama ya aliyeishona.

Naomba mjadili mapendekezo haya na kuyapigia kura moja baada ya jingine, kisha tumkaribishe mhazini.