Kabla hatujagombana kuhusu mabasi

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu zako zimefika, na ubishi wako nao umefika. Sisi hatujambo, watoto wamefungua shule. Unasema mabasi ya mwendokasi yote wapewe watu binafsi, serikali ibaki na lami yake, mambo yatanyooka. Kwa vile nina daladala, Kosta moja, barabarani ulijua nitakuunga mkono.

Dereva wangu hana mshahara. Kila jioni analeta hesabu tuliyopatana. Akishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ni chake na konda. Sasa uwaone asubuhi pale kituo cha Rangi Tatu. Konda kaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu, wengine gari la nyuma!" Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na nafasi anayochukua ni ileile. Usiku abiria wakipungua, dereva anakatisha ruti, anageuzia njiani. Matusi yote anakula yeye. Mimi niko zangu nyumbani nasubiri hesabu.

Sikwambii turudi enzi za UDA, lile shirika la umma la mabasi ya Dar. Iliundwa 1974, mji ukaizidi nguvu, na 1983 serikali yenyewe ikafungulia mabasi ya watu binafsi. Daladala ziliziba pengo la kweli.

Ila wewe wa Tabora, tena binti wa mtu wa reli, TRL, ile kampuni ya reli, umeisahau? Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya hisa, serikali ikabaki na 49, mkataba wa miaka 25. TRL ikawa inakodi injini na mabehewa kwa RITES haohao. Hebu piga hesabu: faida ya kubeba mizigo ni ya kubahatisha, kodi ya injini ni ya uhakika. Ungekuwa wewe, ungehangaika na shehena ya Kigoma? Wafanyakazi wakagoma kwa ajili ya mishahara, na kufikia 2011 mkataba ulikuwa umevunjika, reli imerudi serikalini.

Kwa hiyo mimi siulizi basi ni la nani. Nauliza mwenye basi analipwa kwa lipi. Akilipwa kwa vichwa, atajaza hadi mlangoni. Akilipwa kwa kilomita alizotembea, mwanafunzi hamsumbui tena, wala hana haja ya kukaa kituoni akisubiri lijae. Lakini hapo awepo mtu wa kuzihesabu hizo kilomita ambaye hahongeki, na uwepo mfuko wa kumlipa siku ambazo nauli hazitoshi. Huo mfuko simsikii mtu akiutaja. Barabara ikiisha inakatiwa utepe. Pesa ya dizeli na spea za kila siku nani ataikatia utepe?

Ukija likizo, shuka na basi hadi Dodoma, kisha panda treni ya umeme, ile iliyoanza 2024. Ukifika tukae tupige hesabu kama nauli yako inalipa umeme tu, au na mkopo wa reli yenyewe.

Mzee wako nisalimie sana.

Wako,
Zuhura