Ndoto ya mpenzi wa zamani isiwe kesi nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalovuruga amani katika nyumba nyingi hapa Uganda, na ambalo watu huona haya kulitaja: mtu aliye kwenye ndoa kumwota mpenzi wake wa zamani. Mke anasikia jina la mwanamke mwingine likitajwa usingizini, au mume anasimuliwa ndoto kwa nia njema kabisa, na kabla chai haijanywewa tayari kuna kesi. Simu inakaguliwa, wazee wanaitwa. Wapo wanaopelekwa kwa mganga kwa madai kwamba yule wa zamani amewafunga, wapo wanaoombewa kanisani watolewe mume wa kiroho, na wapo wanaosomewa kwa sababu ya jini mahaba. Sina ugomvi na sala ya mtu. Ninachokataa ni mtu kuhukumiwa kwa jambo ambalo ubongo wake umelifanya akiwa amelala, bila yeyote kuuliza limetoka wapi. Mara nyingi linajulikana limetoka wapi, na kulitafuta hakugharimu hata shilingi moja.

Kwanza usingizi wenyewe. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza hatua ya usingizi ambapo macho husogea haraka chini ya kope. Wataalamu huiita REM, na ndiyo hatua yenye ndoto ndefu na za wazi zaidi. Mtu mzima hurudia mzunguko wa usingizi kila baada ya dakika 90 hivi, mara nne au tano kwa usiku. REM ya kwanza huwa fupi, kama dakika 10 tu. Zile za kuelekea asubuhi hufika nusu saa na kuzidi. Kwa hiyo aliyelala saa nne usiku hupata ndoto zake ndefu kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, wakati ule ule ambapo adhana, jogoo na bodaboda wa kwanza humkatiza usingizi. Aliyeamshwa katikati ya REM huikumbuka ndoto. Aliyepitiliza huipoteza ndani ya dakika chache. Hapa ndipo ndoto za alfajiri zinapopata uzito mkubwa machoni pa watu. Huenda yule wa zamani alishapita ndotoni mara nyingi bila kukumbukwa, ila safari hii usingizi ulikatika akiwa bado yupo.

Katika hatua hiyo, sehemu za ubongo zinazoshika hisia kali, hasa ile iitwayo amigdala, hufanya kazi kwa nguvu. Sehemu za mbele, zinazopima busara na kupanga matukio kwa wakati wake, hupoa. Matokeo yake mtu mliyeachana miaka 15 iliyopita anaonekana ameketi sebuleni kwako leo, anakula na watoto wako, na wewe hushangai. Hushangai kwa kuwa sehemu ya kushangaa imepumzika. Mtu hachagui lolote hapo, na pasipo na uchaguzi hakuna usaliti.

Kwa nini basi awe mpenzi wa zamani, asiwe mwenye duka wa jirani unayemwona kila siku? Kumbukumbu hushikwa na hisia zilizoambatana nayo. Furaha kubwa, aibu kubwa na uchungu wa kuachwa huacha alama ambayo salamu za kila siku haziwezi kuiacha. Pia watu wazima hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya ujana wao, takriban kati ya miaka 10 na 30, na mapenzi ya kwanza ya wengi yaliangukia humo humo. Mara nyingi anayeotwa si mtu bali ni kipindi chake: miaka ya chuo, chumba cha kwanza cha kupanga, siku ambazo hakuna aliyekudai karo. Mama anayelea watoto watatu peke yake, mumewe akiwa kazini mbali, akimwota kijana aliyekuwa akimsindikiza hadi nyumbani, kilichoibuka huenda ni hamu ya kusindikizwa. Kwa hiyo swali la kwanza asubuhi liwe, "Ndotoni nilijisikiaje?" Nani alikuwepo lije baadaye.

Swali la pili ni kilichoichokoza. Watafiti wa ndoto wameona kwa muda mrefu kwamba ndoto hufuatana na maisha ya mchana: hofu za mtu, watu anaowawaza, shughuli zinazomsumbua. Tukio huingia ndotoni usiku wa kwanza au wa pili, kisha mara nyingine hurudi siku ya tano hadi ya saba. Huo mruko ndio unaowapoteza watu. Mtu anaota Ijumaa, anaikagua Alhamisi yake, haoni kitu, anahitimisha kwamba ndoto imetumwa. Angerudi hadi Jumamosi iliyopita angekumbuka arusi aliyohudhuria, ambako wimbo wa zamani ulipigwa na moyo ukashtuka kidogo. Chukua daftari. Ukiamka, kabla ya kushika simu, andika mistari mitatu tu: nani, wapi, hisia gani. Baadaye mchana andika mambo ya jana, na ya siku tano hadi saba nyuma. Fanya hivyo kwa wiki tatu au nne. Kosa la kawaida ni kuandika hadithi nzima yenye mapambo. Mtu huchoka siku ya nne, tena ubongo hujazia mapengo kwa vitu ambavyo havikuwa ndotoni.

Vichokozi vya hapa kwetu vinajulikana. Unatuma pesa kwa simu, namba inafanana na nyingine, jina kamili la yule wa zamani linajitokeza kwenye kioo. Picha yake inapita kwenye hadhi ya WhatsApp ya rafiki wa pamoja. Msiba unawakutanisha kijiji kimoja. Kwa aliyezaa naye, angalia kalenda ya shule: Februari, mwisho wa Mei na Septemba, muhula unapofunguliwa, huwa kuna simu za karo, sare na nauli. Mtu huyo anaotwa kwa sababu ana deni la daftari na viatu vya mtoto, na mwenzi wako wa sasa anastahili kuelezwa hivyo.

Kuna kichokozi kingine kinachowashtua watu zaidi, nacho ni mapenzi mapya yanapokuwa mazito. Wiki chache kabla ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, au mimba inapojulikana, yule wa zamani anajitokeza. Wengi huona ni onyo kwamba wanaolewa na mtu asiye sahihi. Jambo jipya zito humfanya mtu arejee lililofanana nalo, na kama mara ya kwanza ahadi ilivunjwa, woga ule unaamka pamoja na sura ya aliyeivunja. Kuahirisha sherehe kwa ndoto ya namna hii ni hasara isiyo na sababu. Mjamzito ana sababu ya ziada: huamka mara nyingi usiku, hasa miezi ya mwisho, kwa hiyo hukumbuka ndoto nyingi kuliko mumewe.

Sasa lile ambalo watu hulikosea kila siku. Mtu akishaota, hujikaza: "Nisimfikirie tena, nisimfikirie tena," na hulala akijizuia hivyo. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliambiwa, kabla ya kulala, wajizuie kumfikiria mtu fulani wanayemjua. Hao walimwota zaidi kuliko walioruhusiwa kumfikiria. Kujizuia kunamtaka mtu aendelee kukagua kama wazo limekuja, na ukaguzi huo ndio unaolileta. Kwa hiyo mke anayemwambia mumewe, "Apa kwamba hutamwota tena," anaongeza ndoto zile zile anazozichukia. Liacheni wazo lipite. Mwenye wazo sumbufu alitengee dakika 15 jioni mapema, aliandike, afunge daftari, aendelee na mengine saa moja au mbili kabla ya kulala.

Walioachana karibuni nao wasiogope. Rosalind Cartwright, mtafiti wa usingizi huko Chicago, aliwafuatilia watu waliokuwa katika talaka. Miongoni mwa waliokuwa na huzuni kubwa, wale waliomwota mwenzi wa zamani kwa hisia kali ndio waliokuwa na nafuu zaidi walipochunguzwa tena baada ya mwaka mmoja. Kuota hivyo huenda ni sehemu ya kupona. Mjane anayemwota marehemu naye asiambiwe kwamba anaitwa kaburini.

Tuangalie na kilichoingia mwilini. Waragi humlaza mtu haraka, lakini hukandamiza REM nusu ya kwanza ya usiku. Pombe ikishapungua damuni, REM hurudi kwa nguvu kuelekea alfajiri, usingizi ukiwa mwepesi na wa kukatika. Ndoto huwa nyingi, kali, na za kukumbukwa. Anayekunywa ili amsahau mtu anajitayarishia kukutana naye saa kumi na moja. Amitriptyline na baadhi ya dawa nyingine za sonona hupunguza REM pia, na mtu akiziacha ghafla ndoto humfurikia. Zinapunguzwa hatua kwa hatua chini ya mhudumu wa afya. Propranolol ya shinikizo la damu inaweza kuleta ndoto za wazi mno. Na dawa za VVU lazima zitajwe, kwa sababu hapa ndipo kosa linapoweza kuua. Efavirenz, iliyotumiwa na watu wengi nchini kwa miaka mingi, ilijulikana sana kwa ndoto za ajabu. Dolutegravir, ambayo wengi wanaitumia sasa, nayo huwaletea baadhi ya watu ndoto au kukosa usingizi. Anayesumbuliwa aulize kliniki yake kama anaweza kuhamishia kidonge asubuhi. Mara nyingi hilo linatosha. Asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya ndoto, wala asikubali kuambiwa na yeyote kwamba ndoto hizo ni pepo na dawa ziwekwe kando mpaka aombewe.

Kuhusu jina lililotajwa usingizini: kusema usingizini hutokea katika hatua zote za usingizi, huwa vipande vipande, na si ushahidi wa jambo lolote lililotendeka. Aliyelala anaweza kutaja jina la mwalimu wake wa darasa la pili. Hakuna haki katika kumpiga mtu maswali saa nane usiku kwa neno ambalo hata halikumbuki.

Je, umwambie mwenzi wako? Si lazima kila ndoto isimuliwe, na kunyamaza si uongo. Ukiamua kusema, usiseme kitandani, wala mbele ya watoto, wala siku mliyogombana. Anza na hisia na kichokozi: "Nimeota nimeachwa peke yangu, nadhani ni kwa sababu wiki hii hatujazungumza." Usisimulie mambo ya mwili kwa undani; hayamsaidii yeyote na hayasahauliki. Anayesikiliza aulize, "Uliamkaje?" na asijilinganishe na yule wa zamani. Kama kuna mawasiliano ya siri mchana, hilo ni jambo la mchana na lizungumzwe kwa jina lake. Ndoto isitumiwe kama hati ya kulitafuta.

Nimeiacha mwisho aina moja ya ndoto ambayo haina uhusiano na mapenzi: ya mtu aliyekupiga, aliyekubaka au aliyekushikilia kwa nguvu. Kaskazini mwa nchi wapo wanawake waliotekwa wakiwa wasichana na waasi wa Lord's Resistance Army, wakagawiwa makamanda kama wake. Mwanamke huyo akimwota yule kamanda, kumwita "mpenzi wake wa zamani" ni kumjeruhi mara ya pili. Hiyo ni jinamizi ya jeraha la akili, nayo inatibika. Njia mojawapo, iliyojaribiwa na Barry Krakow na wenzake kwa wanawake walionusurika ubakaji, ni kuiandika ndoto upya. Mtu huchagua jinamizi nyepesi kwanza, huiandika, huibadilisha kwa namna yoyote anayotaka mwenyewe: mlango unafunguka, dada zake wanaingia, yule mtu anapungua kimo. Kisha huipitia akilini ile mpya tu, dakika 10 hadi 20 mchana, kila siku, kwa wiki kadhaa. Huharibika pale mtu anapoanza na ile mbaya kuliko zote, anapoifanyia kitandani, au anapoendelea kusimulia ile ya zamani kwa kila anayemtembelea. Akiona inamzidi, moyo unakwenda mbio na anakwepa kulala, asiifanye peke yake.

Aende kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu aombe rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Gulu na Arua, zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Aeleze ndoto zinakuja mara ngapi kwa wiki, zilianza lini, anatumia dawa gani na anakunywa nini. Akiwa na lile daftari la mistari mitatu, aende nalo.

Mshauri wa ndoa na afya ya akili,
Mbale