Mashine tumepata, sasa wapeni madaktari wa Pwani muda wa kutafiti

Bwana Mhariri, assalaam aleikum na pole na kazi.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo kila nikisoma habari za figo na kansa hapa Mombasa silioni likitajwa. Tunasoma mashine za dayalisisi, zile za kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimekufa, zimekuja, tunasoma jengo la kansa limefunguliwa, mkubwa kakata utepe, picha zimepigwa, na mie nashukuru kwa moyo wote manake ni nesi wa upande wa figo na najua mashine moja ikikorofisha foleni inakuwaje. Lakini yule daktari wa kumtazama mgonjwa akajiuliza mbona huyu kaumwa hivi, halafu akapewa muda wa kulitafuta jibu, huyo hakuna anayemfikiria. Na dawa zote hizi tunazozililia zilianza na watu wa aina hiyo.

Chukua mfano wa Peter Ratcliffe, Muingereza wa Lancashire, kazaliwa 1954. Shuleni alitaka kusomea kemia, headmaster wake ndo akamwambia bora asome udaktari. Akasoma, akawa daktari wa figo, mtu wa wodi kama hawa wetu. Alipofika Oxford likamkaa kichwani swali moja ambalo wengi hawakuona lina faida gani: figo inajuaje kuwa mwili umepungukiwa oksijeni?

Ntaeleza kidogo kwa asiyejua. Figo sio ya mkojo tu. Kwa siku moja zinachuja kama lita 180 za majimaji ya damu na karibu yote zinayarudisha mwilini, lakini pia ndio zinazotengeneza homoni ya erithropoietini, sisi kazini twaiita epo basi, hiyo ndio inayouamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikifa epo nayo inakwisha, ndo mana mgonjwa wa dayalisisi ukimvuta kope la chini unakuta kweupe, viganja vyeupe, akipanda ngazi mbili tatu anasimama kuhema. Sindano ya epo iliruhusiwa Marekani mwaka 1989, kabla ya hapo wagonjwa kama hawa wengi walikuwa wanaishi kwa kuongezewa damu tu, mara kwa mara. Na sindano yenyewe lazima ikae kwenye ubaridi wa digrii 2 mpaka 8, isipate joto na isigande, kwahivo ninao wagonjwa wanatoka Mtongwe wanavuka feri na kichupa chao ndani ya thamosi ya barafu, wamekifunga kitambaa barafu isikiguse, na feri ikichelewa jua la saa saba mchana unamuona mtu mzima kaikumbatia thamosi kifuani anaangalia saa.

Basi Ratcliffe akalifuata lile swali. Mwaka 1990 akapata ufadhili wa Wellcome, shirika la Uingereza linalolipia utafiti wa afya, na akaanzisha maabara yake. Mwaka 1992 jarida la sayansi la Nature likamkatalia kazi yake, ikachapishwa mwaka uliofuata kwenye jarida jingine, na ilikuwa inasema kitu kikubwa kweli, kwamba sio figo peke yake inayohisi oksijeni ikipungua, hata seli ambazo hazitengenezi epo kabisa zinahisi vilevile. Hapo swali la figo likageuka likawa la mwili mzima. Wakati huohuo kule Marekani Gregg Semenza wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kashaipata protini inayoitwa HIF, na William Kaelin wa taasisi ya kansa ya Dana-Farber mjini Boston, yeye ni daktari wa kansa, alikuwa anafuatilia ugonjwa wa von Hippel-Lindau, ambao mtu anarithi jeni moja mbovu, inaitwa VHL, na kuja kupata uvimbe wa figo, wa macho, hata wa ubongo.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. HIF inatengenezwa mwilini wakati wote. Oksijeni ikiwa ya kutosha HIF inapigwa alama, na protini ya VHL ni kama bawabu mlangoni, akiiona ile alama anaikamata na inaharibiwa. Oksijeni ikipungua alama haipigwi, HIF inapita mpaka kwenye kiini cha seli, inaamrisha epo itengenezwe na mishipa mipya ya damu iote. Sasa seli ambayo VHL yake imeharibika, haina bawabu, HIF inapita hata kama oksijeni imejaa tele, seli inaishi ikidhani haina hewa, inaotesha mishipa ya damu usiku na mchana, na uvimbe wa figo unapata lishe. Mwaka 1999 timu ya Ratcliffe ikaonyesha VHL na HIF zinavyoshikana, 2001 yeye na Kaelin, kila mmoja na watu wake, wakaonyesha ile alama ni kitu gani, na 2019 wote watatu wakapewa Nobel. Kuna picha ya Ratcliffe siku ile alipokwisha kuambiwa habari, yuko mezani kwake anaendelea kuandika maombi ya pesa za utafiti! Mie picha ile nimeiweka kwenye simu.

Matunda yake ni haya. China waliiruhusu roksadustati mwaka 2018, ni vidonge vya kuufanya mwili wenyewe utoe epo, havihitaji thamosi wala barafu. Sisemi ni dawa isiyo na shida, kuna hatari ya damu kuganda na lazima daktari amchunguze mgonjwa, lakini mtu wa Mtongwe anaelewa kidonge cha mfukoni kina maana gani. Halafu 2021 Marekani wakairuhusu belzutifani kwa watu wenye ule ugonjwa wa VHL, hiyo inaizuia HIF yenyewe. Swali moja la daktari wa figo likazaa dawa ya figo na dawa ya kansa, na ilichukua karibu miaka 30, tena miaka mingi ya mwanzo hakuna aliyeweza kumwambia hiyo kazi itamponya nani.

Najua kuna atakayesema hiyo ni Oxford bwana, sisi hapa hata glavu zinakwisha. Namwambia apande matatu aende Kilifi. Kile kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome kilianza 1989 kando ya hospitali ya wilaya, na walewale Wellcome waliomfadhili Ratcliffe ndo waliokifadhili. Chanjo mbili za malaria ambazo WHO ilizipitisha, ya 2021 na ya 2023, zote zilifanyiwa majaribio Kilifi pia, kwa watoto wa Pwani na kwa kazi ya Wakenya. Kwahivo sio kwamba hapa haiwezekani. Kwenye malaria imewezekana kwa sababu watu walipewa muda, lebu na mshahara wa kuuliza maswali. Kwenye figo na kansa Mombasa bado.

Na maswali yapo, tena ni yetu sisi, hakuna mtu wa Oxford atakayekuja kutuulizia. Nilifanya kazi na daktari mmoja kijana, sehemu sitaitaja, akaanza kuona vijana wa kiume wanaletwa figo zimeshakwisha na hawana sukari wala presha ya zamani. Akawa anawauliza kazi wanazofanya, huyu anachonga mawe kwenye timbo, huyu yuko mashamba ya chumvi kule Gongoni, huyu anabeba mizigo, jua kali kutwa na maji haba, usiku wanameza dawa za maumivu ndo walale. Alikuwa anayaandika kwenye kaunta buku lake mwenyewe, jina la kazi, masaa ya juani, kreatinini (kipimo cha damu cha kuonyesha figo zinafanyaje kazi), kwa wino wa buluu safi kabisa. Kule El Salvador na Nicaragua wakata miwa vijana wanakufa kwa figo na watafiti wameandika mengi sana kuhusu joto na kukaukiwa maji, sasa je huku kwetu ni hilohilo ama ni zile dawa za maumivu ama ni kitu kingine? Yeye hakudai anajua, alitaka kujua. Akaomba apewe mchana mmoja kwa wiki. Akajibiwa wagonjwa ni wengi, utafiti ni wa maprofesa. Mkataba wake ulipokwisha akaenda zake ng'ambo, na kaunta buku akaenda nalo, na nani atamlaumu.

Swali jingine mie mwenyewe naliona kila mwaka. Sisplatini ni dawa kubwa ya kansa, wanawake wengi wa kansa ya mlango wa kizazi wanapewa, na inajulikana inaumiza figo, ndo mana twawapa dripu ya maji ya chumvi kwanza na kuwapima kreatinini. Lakini mama akisharudi nyumbani Kisauni, joto la Februari, tumbo limemchafuka, kila akinywa maji yanarudi, figo zake zinakuwa katika hali gani siku ya tatu? Wangapi figo zao zinadhoofika tusijue mpaka waje wamevimba miguu? Jibu la hili halihitaji maabara ya mabilioni, linahitaji daktari mmoja, nesi mmoja, vipimo vya damu na rekodi zilizowekwa vizuri.

Ninachoomba kwa wakubwa wa afya wa kaunti na wa vyuo vyetu ni hiki, daktari ama nesi ama mtu wa lebu mwenye swali zuri apewe mchana mmoja kwa wiki, na uandikwe kwenye mkataba, usiwe wa kuomba kwa mabosi na kunyimwa. Rekodi za figo na za kansa ziingizwe kwenye kompyuta moja, manake sasa hivi mgonjwa akitoka jengo hili kwenda lile faili lake linabaki nyuma. Na kuwe na fungu dogo la kaunti la kulipia vipimo, dogo tu, likae miaka kadhaa bila kukatwa kila bajeti ikibana. Hata hao wafadhili wa nje wanaangalia kwanza kama mwenyewe umeanza.

Na wewe Bwana Mhariri, ukituma mwandishi kwenye ufunguzi wa mashine, mwambie amuulize msimamizi hapohapo, nani hapa anafanya utafiti na amepewa masaa mangapi, na jibu mlichapishe.

Ni mimi,
Nesi wa figo, Mombasa