Barua kwa wazazi wenzangu: mtoto anayelia tumbo kila Jumatatu

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Wiki iliyopita kwenye kikao cha wazazi mama mmoja alisimama akasema mwanae wa darasa la tatu anaonewa shuleni, hajamaliza hata kusema baba mmoja akadakia kwa sauti "mfundishe arudishe!", watu wakacheka, mama wa watu akakaa chini akaanza kukunja kunja ile khanga yake. Mi nilikua nyuma kabisa, sikufungua mdomo. Nimefundisha shule za msingi miaka 31, hiyo kumi ya mwisho nikiwa mwalimu wa malezi, na nikanyamaza. Limenikaa rohoni mpaka leo kwaiyo naliandika.

Najua kuna watakaosema watoto wanataniana tu. Sisi utani tunaujua jamani, Mchaga na Mpare wanaambiana maneno mazito hata msibani na hakuna anayelala na kinyongo, kwasababu wote wawili wana mdomo, ukinirushia nakurushia. Uonevu hauko hivo. Kuna mtaalamu wa kule Norway, Dan Olweus, alianza kulichunguza hili tangu miaka ya 1970, yeye aliangalia mambo matatu: anayefanya amekusudia, inajirudia rudia, na anayefanyiwa hana uwezo wa kujitetea. Hilo la tatu ndo naomba mlishike, maana ndo linaloiangusha ile "arudishe". Mtoto angekua na uwezo wa kurudisha wasingemchagua yeye.

Nilikua na binti wa darasa la nne, kila siku kengele ya kutoka ikilia anakimbia nyumbani kama anafukuzwa, akifika moja kwa moja chooni. Mama yake akahisi UTI, akapimwa mara mbili, hana kitu. Siku moja nikaishika chupa yake ya maji saa nane mchana, nzito, imejaa vilevile kama ilivotoka nyumbani, nikamuuliza mwanangu hunywi maji? Akaniambia nikinywa nitataka kwenda chooni mwalimu. Kumbe kuna wasichana watatu wa darasa la sita wanamsubiria pale, anadaiwa mia mbili ndo aingie, na akiingia wanamshikia mlango asitoke. Miezi miwili mtoto anakaa na kiu kwenye joto hili la Dar, na mimi ofisi yangu ilikua hatua ishirini kutoka pale.

Kwaiyo msingoje alama za fimbo. Angalieni tumbo linalouma Jumapili usiku na kupona Jumamosi, mkebe unaopotea kila wiki, hela ya kula haitoshi ghafla, mtoto kabadili njia ya kurudi. Na ukimuuliza "nani kakupiga" atakwambia hakuna, bora umuulize leo mapumziko ulikaa na nani, ulicheza nini, alafu unyamaze umsikilize. Akishasema usipige kelele na usitoke mbio usiku huo huo kwenda kugombana na wazazi wa mwenzie, atajuta kukwambia na hatokwambia tena.

Sasa na langu niliseme. Miaka ile bado nina hasira za ujana kulikua na kijana wa darasa la saba anawapokonya wadogo hela, nikamsimamisha mstarini shule nzima ikiangalia, akachapwa, mimi nikaona nimetenda haki. Kesho yake yule mdogo aliyenieleza alikuja na kiatu kimoja. Walimsubiri njiani, "umetuchongea". Jioni nikaenda kwao huyo mkubwa, nikamkuta kaka yake anamchapa na waya wa pasi kisa ndoo hazijajaa, na kijana wala halii, macho makavu, anasubiri tu iishe. Pale nikaelewa kwamba mstarini nilimfundisha kitu anachokijua tayari, kwamba mwenye nguvu ndo anaongea.

Sisemi aachiwe. Alirudisha hela yote, kidogo kidogo, na mapumziko alikua anakaa ninapomwona, mama yake nikamwita tukaongea mara nyingi, ilichukua muhula mzima na kuna siku alirudia. Ila nilichoacha kabisa ni ile kuwaweka wawili mbele ya ofisi na kuwaambia peaneni mikono yaishe, mdogo anautoa mkono kwa woga, na wakitoka nje anaambiwa subiri. Kila mmoja aongeleshwe peke yake. Na wewe mzazi ukiitwa shule kwamba mwanao ndo anaonea wenzie, usije na maneno ya "wangu hawezi", na fimbo pia iache nyumbani, mtoto huyo naye kuna kitu anakibeba.

Wa tatu hawa huwa tunawasahau, wale waliosimama wanatazama. Finland, Chuo Kikuu cha Turku, profesa Christina Salmivalli na wenzake walitengeneza mpango unaitwa KiVa na sehemu kubwa wanafanya kazi na hao watazamaji, kwasababu anayeonea anataka kuonekana, wakicheka kapata alichotaka. Wanenu wengi wako kundi hili. Msiwaambie wakapigane, waambieni wakakae karibu na huyo mtoto, watembee nae kurudi nyumbani, waje kumwambia mkubwa. Na muwafundishe kwamba kuchongea ni pale unapotaka mwenzio aadhibiwe, ukitaka mwenzio atoke kwenye shida huko ni kumsaidia.

Mwalimu asipokusikiliza nenda kwa mwalimu mkuu, nenda kamati ya shule, nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya watoto, kuipiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, mwandikieni nyuma ya daftari.

Kikao kingine ni Jumamosi. Nimeshapita kwa yule mama kumwambia nitakaa mbele, pembeni yake, na akisimama nitasimama nae.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu