Makala ya "piramidi" ya Java irekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa juma lililopita juu ya Gunung Padang, kilima kilichoko Cianjur, Java Magharibi, nchini Indonesia, ambacho mwandishi wenu amekiita piramidi kongwe kuliko zote duniani, yenye umri wa miaka 25,000 na zaidi. Utafiti alioutegemea ulitoka kweli katika jarida la kitaalamu mwezi Oktoba 2023. Ambalo hakulitaja ni kwamba jarida lilelile liliufuta mwezi Machi 2024, kwa sababu umri huo ulipatikana kwa kupima udongo wa chini ya kilima, na udongo huo haukuambatana na kitu chochote kinachoweza kuhesabiwa kwa uhakika kuwa kazi ya binadamu. Udongo huwa na umri wake hata mahali ambapo hapajawahi kukanyagwa na mtu.

Kilichopo pale juu ni majukwaa matano ya mawe yanayopanda ngazi kwa ngazi. Mawe yenyewe ni nguzo za asili, nyingi zikiwa na pande tano au sita, zinazotokea pale lava inapopoa, ikasinyaa na kupasuka kwa mistari iliyonyooka kana kwamba imepitishwa msumeno. Watu walizikuta hivyo, wakazibeba, nyingine wakazilaza kama kuni na nyingine wakazisimamisha zikawa kuta na malango. Kazi ya namna hii Waindonesia huiita punden berundak, yaani mahali pa kuwaheshimu wahenga palipojengwa kwa ngazi, na jina hilo linatueleza mengi zaidi kuliko neno piramidi.

Ngazi hizo hazikuishia kwa Wasunda, wenyeji wa Cianjur. Katika karne ya 15, enzi ya Majapahit, ufalme wa Kihindu na Kibudha wa Java, ikielekea ukingoni, Wajava walijenga mahekalu ya Sukuh na Ceto kwenye miteremko ya mlima Lawu kwa mpango uleule wa kupanda, na wataalamu wengi huona humo kurejea kwa ibada ya milima na wahenga iliyoutangulia Uhindu. Pale Sukuh kuna jiwe lililochongwa karakana ya mhunzi: Bhima anafua silaha upande mmoja, Arjuna, ndugu yake katika utenzi wa Kihindu wa Mahabharata, anavuta mivukuto upande wa pili, na katikati yao Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, anacheza kwa mguu mmoja. Jiwe hilo moja lingetosha kwa makala nzima.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba mwandishi wenu alizitaja mila za wenyeji mara moja tu, akaziita ushirikina. Wabaduy wa Banten wana matuta yao matakatifu ndani ya msitu, ambako mgeni haruhusiwi kufika. Watengger wa Java Mashariki, katika sikukuu ya Kasada, hupanda hadi ukingo wa volkano ya Bromo na kutupa mboga, kuku na fedha ndani ya shimo lake, huku watu wengine wakiwa wamesimama kwenye mteremko wa ndani na nyavu wakizidaka sadaka hizo, na hakuna anayeona ajabu. Mjava Mwislamu naye huwaita majirani kwenye slametan, wakaketi kuzunguka wali uliorundikwa ukachongoka juu kama mlima, dua ikasomwa, kila mtu akarudi kwake na fungu la chakula. Neno slametan lina asili moja na "salama" yetu; na ubani uliotoka pande zile Waarabu waliuita luban jawi, ubani wa Jawa. Msomaji wa Kiswahili hakustahili kusimuliwa haya kama mambo ya watu wasioeleweka.

Mtaalamu wa mambo ya kale anayesoma majukwaa yale bila kuzitazama ibada hizi hubaki na mawe matupu mkononi, na hapo ndipo hadithi za piramidi hupata mlango wa kuingilia.

Naomba basi gazeti liwaarifu wasomaji kwamba utafiti ule ulifutwa, na taarifa hiyo itokee katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule uliotumika kuandika "piramidi kongwe".

Wako,
Msomaji wa siku nyingi